Gramu 895: kisa cha lori la rimoti lililopunguzwa uzito mjini Goma

Usuli

Kisa hiki ni cha kijana mmoja wa Goma na lori lake dogo la kuongozwa kwa rimoti. Jina lake, mtaa wake na mambo mengine machache nimeyaficha ili asitambulike. Vipimo ni vile vile tulivyoviandika kwenye daftari. Nakisimulia kwa sababu nimeona vijana wengi wakipita njia hiyo hiyo: kwanza wanaongeza chuma ili gari lisivunjike, halafu, likishakuwa zito, wanatoboa gari lenyewe.

Lori ni la kipimo cha moja kwa kumi. Magurudumu yote manne yanavuta, na mota ni ya brashi, saizi ya kawaida ya 540. Alilinunua likiwa limeshatumika. Uwanja wake ni kiwanja kilichofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, ambacho hakuna aliyewahi kukisawazisha. Anayejua mawe yetu anajua maana yake: meusi, yana meno, na kati ya jiwe na jiwe kuna vumbi linaloingia kila mahali. Hapo yeye na wenzake watano huweka mbao za kurukia na kushindana kila Jumapili baada ya misa.

Katika mwaka wa kwanza, kila kitu cha plastiki kilichovunjika alikibadilisha kwa cha alumini. Mikono inayoshika magurudumu ikawa ya alumini. Bampa likawa bati nene la chuma, kazi ya mchomeleaji wa mtaani. Kwenye rimu akafunga pete za alumini za kubana tairi. Juu ya bodi akaweka keria ya chuma yenye taa nne, kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa dereva wa Fuso iliyoshusha viazi na kabichi kutoka Masisi, na Fuso ile ilikuwa na keria kama hiyo. Keria hii itarudi mbele, ndiyo maana naitaja mapema.

Mwishowe lori likaanza kunuka baada ya dakika tisa za kukimbia, na kila kona lilipinduka.

Mizani kabla ya visi (skrubu)

Alinijia akisema, "Mwalimu, nataka mota kubwa zaidi." Nikamuuliza lori lake lina uzito gani. Hakujua. Kati ya wenzake watano hakuna hata mmoja aliyejua la kwake.

Tuliazima mizani ya dijitali kwa mama jirani anayeoka keki za harusi. Inasoma gramu moja moja hadi kilo 5. Lori likiwa kamili, na betri na bodi yake, lilisoma gramu 3,412. Tukalivua kipande kwa kipande. Gurudumu moja lilikuwa gramu 214, yaani 856 kwa yote manne. Bodi pamoja na keria na taa, 418. Keria na taa peke yake, 96. Betri, 372. Bampa, 131. Kijana alikuwa na hakika kwamba uzito uko kwenye mota na shasi. Alipoona robo nzima ya lori lake iko kwenye magurudumu, aliyarudisha kwenye mizani mara tatu.

Tukapima mambo mengine mawili. La kwanza ni mpinduko: tuliliweka kando kando juu ya ubao, tukainua ubao upande mmoja polepole hadi lori likaanza kuanguka. Lilianguka kwenye nyuzi 46. La pili ni joto la mota. Tangu siku za Ebola, 2018 hadi 2020, kila mtu Goma anazijua bastola za kupimia joto kwenye paji la uso, na kijana alikuja na mojawapo. Haikutufaa. Vile ni vipimo vya mwili wa binadamu na vinaishia kwenye nyuzi 40 na kidogo, kwa hiyo mbele ya mota iliyochemka kilikataa kusoma. Fundi wa mafriji alituazima cha kazi za mashine: nyuzi 94 za Selsiasi baada ya dakika tisa, hewa ikiwa nyuzi 22. Mimi lori langu hulisimamisha likikaribia 80.

Hapa kuna jambo la mahali petu ambalo maelekezo ya viwanda hayalitaji. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 14 kuliko pwani. Mota ya umeme haipungukiwi nguvu kwa sababu hiyo, kwa maana haichomi hewa. Lakini hewa ndiyo inayoipoza. Mota inayovumilia mzigo fulani Mombasa inaweza kuchemka kwa mzigo huo huo hapa.

Tukakubaliana lengo: dakika 12 bila kuvuka nyuzi 80, na lisipinduke ovyo kwenye kona. Mota kubwa tuliiweka kando kwanza, kwa kuwa ingedai betri kubwa, nayo betri ingeongeza uzito.

Yaliyotokea

Siku hiyo hiyo tulilisafisha kwa mswaki na mafuta ya taa. Vumbi la lava lililoshikana na grisi ndani ya shasi lilikuwa gramu 38. Kazi hiyo haikugharimu chochote, na ilizidi faida ya jambo linalofuata.

Nilisafiri Bukavu kwa boti kwa wiki moja. Niliporudi, shasi ilikuwa na mashimo 26. Alikuwa ameona picha za magari ya mashindano yenye shasi zilizotobolewa, akaazima drili, akatoboa sakafu na kuta. Alipata gramu 31. Kwenye mruko wa nne shasi ikapasuka: ufa ulianza kwenye shimo lililo karibu na mikono ya nyuma, ukaruka hadi shimo la pili, kisha la tatu, kama zipu inavyofunguka.

Simlaumu, kwa sababu wazo lenyewe ni sahihi likifanywa na aliyechora shasi. Huyo anajua nguvu inapita wapi, na anaondoa nyama pale ambapo haipiti. Ukitoboa shimo la duara katikati ya bamba linalovutwa, mkazo kwenye ukingo wa shimo unafika mara tatu ya mkazo wa bamba lenyewe. Unaondoa kipande kidogo cha plastiki, na ukingo uliobaki unabeba mara tatu. Ukiweka shimo hilo penye mikono ya nyuma, ambako kila mruko unatua, umeshauandalia ufa njia yake. Shasi mpya haikupatikana mjini, kwa hiyo tuliishona na bamba la alumini na riveti. Bamba lilikuwa gramu 44. Ukiondoa zile 31, shasi iliongezeka gramu 13.

Visi nazo zilikuwa njiani. Kabla hajanijia alikuwa ameshaagiza, kupitia mfanyabiashara anayeleta vitu kutoka nje, seti ya visi 70 za alumini. Hesabu yake ilikuwa nzuri: sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85, ya alumini 2.7, maana yake visi ya alumini ni kama theluthi moja ya ile ya chuma. Kwa visi 70 aliokoa gramu 36. Ndani ya wiki mbili, visi nne zilikatika. Moja ilikuwa ya kushikilia mota. Mota ikasogea, meno ya gia kubwa yakalika yote, na Jumapili ikaishia hapo. Nyingine zilitanuka tundu la kichwa mpaka ufunguo ukawa unazunguka bure, na kuzitoa ikawa kazi ya asubuhi nzima. Tukarudisha za chuma kila mahali isipokuwa visi 24 ambazo hazibebi kitu: kifuniko cha risiva (kipokezi cha rimoti), kibanio cha waya, sahani ya juu. Faida iliyobaki ni gramu 12.

Jumlisha mashimo na visi: kumi na tatu juu, kumi na mbili chini. Kazi mbili alizozitolea jasho na pesa nyingi kuliko zote ziliongeza lori gramu moja.

Hapo ndipo tuliporudi kwenye daftari na kufuata mizani.

Magurudumu yalitangulia. Tulitoa zile pete, tukarudi kwenye rimu za kawaida za plastiki, tairi zikagundishwa kwa supa glu. Gurudumu likashuka kutoka gramu 214 hadi 138. Kwa yote manne ni 304. Gramu hizi zina thamani kuliko nyingine, kwa sababu gurudumu mota inalifanyia kazi mbili: inalisukuma mbele na inalizungusha. Gramu iliyo kwenye uso wa tairi inahesabika kama mbili kila lori linapoongeza mwendo. Pete zetu zilikaa kama theluthi mbili ya njia kutoka kwenye ekseli hadi kwenye uso wa tairi, na hapo gramu inahesabika kama 1.44. Kwa mota, basi, gramu 304 zilikuwa karibu 440. Zaidi ya hayo gurudumu liko chini ya springi, na likiwa jepesi linafuata mawe badala ya kuyarukia.

Kijana alitaka kuendelea: akatoa sponji za ndani ya tairi, gramu 12 kila moja. Tairi zikajikunja kwenye kona, lava ikazichana kwenye ukingo, mbili zikabanduka. Sponji zikarudi. Sikumzuia. Kutoa sponji na kurudisha ni kazi ya jioni moja, na nilitaka aone kwa macho yake sponji inafanya kazi gani.

Betri tuliijadili siku tatu. Ya zamani ilikuwa ya nikeli, seli sita, volti 7.2, mAh 3,000 (miliampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba). Tulichagua ya lithiamu-polima fupi, seli mbili, volti 7.4, mAh 4,000, gramu 185. Hesabu ya nishati: ya zamani ilibeba saa-wati 21.6, mpya 29.6. Imepungua nusu ya uzito na imeongeza nishati. Sijui badiliko jingine kwenye lori linalotoa vyote viwili. Ufupi wake ulituwezesha pia kuisogeza mbele na kuilaza chini kabisa.

Lakini betri hii inataka nidhamu, na hapo nilikuwa mkali. Kidhibiti mwendo lazima kiwe na mpangilio wa kukata umeme kabla seli haijashuka chini sana. Tulikiweka kwenye volti 3.2 kwa seli. Chaja lazima iwe ya lithiamu yenye kusawazisha seli, mwisho volti 4.2 kwa seli, kwa mkondo usiozidi ampea 4 kwa betri hii. Isiyotumika ilale kwenye volti 3.8 kwa seli. Ikivimba, imekwisha. Na umeme unaokatika na kurudi usiku usimshawishi mtu kuiacha kwenye chaja akalala. Tulimjengea mahali pa kuchajia uani, mawe ya lava yaliyopangwa kama jiko la mafiga, chungu katikati. Mama yake ndiye aliyesimamia sharti hilo kuliko sisi sote.

Siku tuliyoweka betri tulipunguza pia gia ndogo ya mota kutoka meno 17 hadi 15, kwa hofu kwamba betri mpya, isiyolegea chini ya mzigo kama ile ya zamani, ingezidi kuichemsha mota. Nitalirudia hili kwenye uchambuzi, kwa sababu lilituharibia kipimo.

Mikono ya alumini tuliitoa, tukarudisha ya nailoni: gramu 152. Kijana aliogopa itavunjika tena, na ni kweli, itavunjika siku moja. Ila mkono wa nailoni ukigonga jiwe unapinda na kurudi. Wa alumini ukipinda haurudi, na usipopinda unapeleka kishindo chote kwenye shasi, ambayo kwake ndiyo ghali zaidi. Bampa la bati tulilibadilisha kwa plastiki ya kidumu cha manjano cha mafuta ya kula, iliyokatwa na kukunjwa kwa maji ya moto: kutoka gramu 131 hadi 39. Ekseli za chuma na gia za chuma hatukuzigusa.

Ikabaki bodi. Kulikuwa na bodi nyepesi ya polikaboneti ya milimita 1 dukani, lakini yake ni ya milimita 1.5 na kwenye mawe haya nilimshauri abaki nayo. Tulikata kingo za nyuma na kufungua matundu ya kupitisha hewa, tukabandua tabaka za gundi na kanda alizoziweka ndani kila ilipopasuka: gramu 41. Kisha nikasema keria itoke.

Hakujibu. Alichukua lori lake akaenda nyumbani.

Nilikosea namna nilivyosema. Nilizungumzia gramu 96 zilizo mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa ya lori, na kwa fizikia nilikuwa sahihi. Yeye alisikia nikimwambia atoe kitu cha baba yake. Nilimfuata baada ya siku mbili, nikamwomba radhi, tukakaa. Njiani nilikuwa nimempita msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akipanga magunia, mazito chini, mepesi juu, kama wafanyavyo wote. Nikamuuliza kijana: Fuso ya baba yako, kwenye keria ilibeba nini? Akasema magodoro na vikapu vitupu, viazi vilikaa chini. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi keria ibaki, Mwalimu, iwe nyepesi." Akaiunda upya kwa vijiti vya mwanzi vilivyofungwa kwa uzi na kupakwa rangi nyeusi. Gramu 14. Ni nzuri kuliko ile ya chuma.

Springi zilizosahaulika

Tulifika gramu 2,517 tukafurahi, na Jumapili iliyofuata lori lilipinduka mara nyingi kuliko mwanzo. Ubao ulionyesha nyuzi 48, mbili tu zaidi ya awali. Sababu ilikuwa wazi tulipolipima urefu: tumbo la lori lilikuwa limepanda kutoka milimita 31 hadi 38 juu ya ardhi. Springi zilizofungwa kubeba kilo 3.4 zilikuwa zinabeba 2.5. Lori lilisimama juu na kudunda kwenye kila jiwe.

Tuliweka springi laini zaidi, na kwenye shokapu, au amotiseri kwa mafundi wetu, tukabadilisha mafuta mazito ya sentistoki 500 kwa mepesi ya 350. Tumbo likarudi milimita 31, ubao ukasoma nyuzi 52.

Matokeo

Kutoka gramu 3,412 hadi 2,517: zimeondoka 895, kiasi cha asilimia 26. Kwa mpangilio wa ukubwa: magurudumu 304, betri 187, mikono 152, bodi na keria 123, bampa 92, usafi 38, visi na shasi zinaongeza moja. Mota ilisoma nyuzi 71 baada ya dakika 12 kamili, hewa ikiwa ile ile ya nyuzi 22. Katika Jumapili tatu zilizofuata lori lilipinduka mara mbili tu, zote kwenye mruko, si kwenye kona. Mkono mmoja wa nailoni ulivunjika. Ulibadilishwa kwa dakika kumi na tano, shasi haikuguswa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kule kupima kila kipande kabla ya kuamua. Bila mizani tungeenda na macho, na macho yalimpeleka kwenye shasi na visi. Hata hivyo mizani haisemi kila kitu. Gramu za magurudumu zilikuwa na faida kubwa kuliko namba yao, na za keria pia, kwa sababu nyingine: zile zilizunguka, hizi zilikaa juu. Kama ningeambiwa nichague kazi mbili tu kati ya zote, ningetoa pete za rimu na keria ya chuma, ambazo kwa pamoja zingetoa karibu gramu 390 bila kununua betri.

Kilichoshindwa kina asili moja. Mashimo, visi, sponji: mara zote tatu kiliondolewa kitu kabla ya kuuliza kilikuwa kinashikilia nini. Pete, mikono ya alumini na bati la bampa zilikuwa kinyume chake. Zilionekana zina kazi, kumbe kazi hiyo ilikuwa inafanywa vizuri zaidi na plastiki inayopinda.

Makosa yangu ni matatu. Niliondoka wiki nzima bila kumwachia mpangilio wa kazi, nikamwacha kijana mwenye shauku na drili. Sikufikiria springi mpaka lori lilipoanza kudunda, ingawa kila mwaka nafundisha sheria ya Hooke, kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya mzigo. Na nilibadilisha betri na gia siku moja. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba nyuzi 23 za joto zilizopungua zimetokana na uzito peke yake. Gia ya meno 15 inaipunguzia mota mzigo hata kwenye lori zito. Ningeanza na gia peke yake, nipime, kisha magurudumu, nipime, kisha betri. Ingechukua Jumapili tatu zaidi, lakini leo ningekuwa na namba ya kila kimoja.

Miezi minne baadaye alipata shasi mpya, isiyo na tundu wala kiraka. Mashimo yalikuwa yameondoa 31 na kiraka kimeongeza 44, kwa hiyo lori sasa linasoma gramu 2,504. Juzi ameniuliza kuhusu ekseli za alumini. Nimemwomba kwanza aniandikie kwenye daftari ekseli inabeba nini, wakati gani, na kwa nini aliyeunda lori aliifanya ya chuma. Bado nasubiri daftari, na wenzake watano wameshaomba zamu ya mizani kwa mama wa keki.